Haikuvunjika, Basi Haikuanguka

Kila jioni ya mwezi wa Machi, Oriane Veilleux alirudi kutoka shule, akatupa mkoba jikoni, akavaa mabuti ya mpira, akatoka tena kwenda kukusanya utomvu. Theluji ilikuwa imeanza kulainika. Mchana iliyeyuka na kugeuza njia kuwa tope, usiku ikaganda tena, na ni huko kuganda na kuyeyuka kulikoifanya miti ya mepo itiririshe utomvu wake. Katika eneo la Beauce hakuna mtoto asiyeijua kazi hiyo. Utomvu hukusanywa, huchemshwa kibandani mpaka maji yake karibu yote yaishe, na kinachobaki ni shira, nzito na tamu, ya kumwagia mayai, maharage, hata nyama.

Mlimani, miti ya familia ilikuwa imeunganishwa kwa mirija ya plastiki iliyoteremsha utomvu yenyewe hadi kwenye tangi. Lakini kando ya njia ya kuingia nyumbani ilisimama mepo tisa mikongwe iliyotundikwa ndoo za bati, kila ndoo na kifuniko chake. Babu Léandre hakutaka plastiki iiguse miti hiyo. Ilipandwa na babu yake yeye. Alikuwa na mazoea ya kuandika mambo kwa penseli ya seremala upande wa ndani wa vifuniko: majira aliyotoboa mti, upepo ulikotoka, nani kazaliwa. Kifuniko cha mti wa mwisho, ule wa kwenye kona karibu na barabara kubwa, kiliandikwa: “Oriane kafika. Theluji hadi magotini.”

Miti hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi mezani.

“Lori la mapipa ya shira lilikwama tena pale njiani,” alisema Gaétan, baba yake Oriane, huku akichovya mkate kwenye supu ya njegere. “Dereva ameniambia mwaka huu harudi kama njia haijapanuliwa. Nimeshaongea na mkata miti. Anakuja Jumamosi. Safu yote inaondoka.”

“Labda aanze na mimi,” alisema Babu Léandre.

“Mzee, utomvu wa miti ile ni maji matupu. Ndoo tisa, kutwa tunakimbizana nazo, tunapata nini? Mlimani napata mbili.” Alimaanisha asilimia mbili ya sukari. Ndicho kiwango alichokitegemea.

“Maji matupu yako kichwani mwako. Miti ile ni mitamu kuliko mlima wako mzima. Nimeionja tangu sijaota meno.”

“Ulimi si kipimo, Mzee.”

“Na kipimo chako wewe kiko wapi? Si ulikivunja mwaka jana?”

Oriane aliinua mkono kama yuko darasani. Mama yake, Lisette, akacheka. “Sema, mheshimiwa.”

“Madam Turmel anatuazima haidromita wiki hii. Kila kundi lipime kitu cha nyumbani, tuonyeshe shuleni Ijumaa. Mimi na Zacharie tunaweza kupima utamu wa miti ya njiani.”

Gaétan aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mdanganyifu, na alipenda jambo linalohesabika. “Sawa. Ikifika mbili, nitapasua njia upande wa pili wa mtaro, hata kama mgongo wangu utanilaani. Isipofika, inakatwa, na Mzee hasemi neno.”

Babu Léandre alimtazama mjukuu wake. Kisha akanyoosha mkono juu ya bakuli la supu, na baba na mwana wakapeana mikono kama wauza ng’ombe.

*

Haidromita ya shule ilikuwa bomba jembamba la kioo, limezibwa pande zote mbili, chini zito na juu kama kijiti. Ndani ya kile kijiti mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye mistari na namba. Sifuri ilikuwa juu, namba kubwa zikiwa chini. Ukiitia kwenye kimiminika, inaelea imesimama. Kimiminika kikiwa na sukari nyingi, kinaiinua zaidi, na unasoma namba pale uso wa kimiminika unapokata kijiti.

“Macho yawe sawa na uso wa utomvu,” Madam Turmel aliliambia darasa. “Ukichungulia kwa juu umejidanganya. Pimeni mara tatu kila mti. Mnachokiona, andikeni, hata kama hamkipendi. Na kifaa kikianguka, niambieni, hata kama hakina ufa.”

Jumatatu jioni, Oriane na Zacharie walianza kazi. Zacharie Lessard alikuwa mtoto wa shangazi yake, mwenye miguu mirefu na mdomo usiofungwa. Oriane alipiga magoti kwenye theluji na kusoma, yeye akaandika. Kwa kuwa daftari lilikuwa limesahaulika jikoni, waliandika kwa penseli ya Babu, ndani ya vifuniko.

“Mbili nukta mbili,” Oriane alisoma.

“Uhakika?”

“Njoo usome wewe, basi.”

“Mimi nipige magoti kwenye tope? Nakuamini kabisa, binamu.”

Mti baada ya mti, namba zilizungukazunguka kwenye mbili, nyingine juu kidogo, nyingine palepale. Ni mti wa kona peke yake uliotoa moja nukta nne. Oriane aliupima tena, kisha tena, akapata ileile. Aliandika chini ya maandishi ya Babu yaliyomtaja yeye, akafunga kifuniko taratibu.

Wakarudi kibandani kuosha vyombo. Sakafu ya kibanda ilikuwa ya saruji, na wakati wa kuchemsha huwa na utelezi kwa sababu ya mvuke. Oriane alikuwa ameshika silinda ya kutilia utomvu mkono mmoja na haidromita mkono wa pili, akikenua kwa furaha ya kupata mbili. Mguu ukateleza. Silinda aliikumbatia. Haidromita ikamponyoka, ikagonga sakafu kwa upande wake mzito, ikaruka, ikabiringika mpaka kwenye kiatu cha Zacharie.

Zacharie aliinama, akaiokota kwa vidole viwili, akaiinua kwenye taa na kuizungusha.

“Haina kitu,” alisema. “Hata mkwaruzo.”

“Tumwambie Madam kesho.”

“Tumwambie nini? Kwamba iko salama? We Oriane, umemsahau Bastien? Yule aliyevunja kipimajoto mwaka jana. Alifungiwa maabara muhula mzima, hakuruhusiwa kuingia. Ukifungiwa wewe, nani atapima miti? Baba yako hana kipimo. Jumamosi ni msumeno tu.”

Oriane aliitazama haidromita. Ilikuwa safi, inang’aa, kama iliyotoka dukani.

“Haikuvunjika,” alisema Zacharie, “basi haikuanguka.”

Maneno yale yalikuwa mepesi kusema. Oriane aliyachukua kama mtu anayepokea koti wakati wa baridi bila kuuliza ni la nani.

*

Jumanne walipima tena, safari hii wakiwa na daftari. Mti wa kwanza ulitoa moja nukta nne.

“Umechungulia kwa juu,” alisema Zacharie.

“Sijachungulia. Njoo uone.”

Zacharie akapiga magoti, tope au si tope. Moja nukta nne. Wakaupima mara tatu, na mara zote tatu ikawa ileile. Mti wa pili, moja nukta mbili. Wa tatu, moja nukta tatu. Mti wa kona ulishuka hadi sifuri nukta sita, na Oriane alihisi uso ukipata moto katikati ya baridi.

Jumatano ikawa hivyohivyo. Alhamisi pia. Namba zilikaa pamoja kama ndugu. Jambo hilo ndilo lililomshinda nguvu Oriane. Ingekuwa zinarukaruka, angezitilia shaka. Lakini mtu akikuambia jambo moja mara tatu, siku tatu mfululizo, bila kubadilisha neno, utaanzaje kumwita mwongo?

“Kwa hiyo za Jumatatu ndizo za uongo,” alisema Zacharie. “Tulikuwa bado hatujui kusoma. Tusiziingize. Jedwali litakuwa na siku tatu, safi, namba zimenyooka. Ukiiweka Jumatatu, namba zinaanza juu darini halafu zinaporomoka. Watu watatucheka.”

“Madam alisema tuandike kila tunachokiona.”

“Si tumeandika? Ziko kwenye vifuniko. Asiyeamini akafunue.”

Oriane alichora jedwali bila Jumatatu. Lilipendeza. Alilitazama tena na tena ili ajikumbushe linavyopendeza.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula, Gaétan aliomba alione. Alilisoma polepole, kidole kikifuata namba. “Kazi nzuri,” alisema mwishowe, na hakusema kwa kejeli. “Namba zimetulia. Moja nukta tatu kwa safu. Mzee, umeona?”

“Nimeona karatasi,” alisema Babu Léandre. “Karatasi haina ulimi. Lisette, niletee utomvu hapa. Nileteeni wa njiani na wa mlimani, msiniambie upi ni upi. Nikikosea, kateni.”

Lisette alikwenda jikoni. Alikuwa mwanamke wa mzaha, akajaza bilauri ya tatu kwa maji ya bomba. Akazipanga zote tatu mbele ya mzee. Babu Léandre alionja ya kwanza, akafumba macho. Akaonja ya pili. Akaonja ya tatu, akaipiga meza kwa kiganja.

“Huu hapa! Huu ni wa njiani. Mtamu, una mwili, hauna mchezo.”

Zacharie, aliyekuwa amebaki kula na alimwona Lisette akifungua bomba, aliangua kicheko kabla hajaweza kujizuia. “Babu! Hayo ni maji ya bomba!”

Gaétan naye akacheka, kisha akaacha. Lisette alikuwa tayari anaziondoa bilauri, uso umemwiva kwa aibu. Babu Léandre aliitazama ile meza tupu.

“Basi,” alisema. “Kateni.”

Alisimama, akakigeuzia kiti chake dirishani, akakaa akiwapa mgongo. Oriane alikunja jedwali lake na kwenda kulala, wala usingizi haukumjia haraka.

*

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa meza. Kulikuwa na kundi lililopima kina cha theluji, na jingine lililopima muda wa kuganda kwa pipi ya shira inapomwagwa barafuni, nalo lilikuwa na wageni wengi kwa sababu lilikuwa linagawa majaribio yake. Meza ya Oriane na Zacharie ilikuwa na jedwali, ndoo moja ya bati, na haidromita imelazwa juu ya kitambaa.

Madam Turmel alifika akiwa na kalamu sikioni. Alilisoma jedwali akasogeza miwani.

“Mikono yenu imetulia,” alisema. “Mara tatu kila mti, na tofauti haizidi mstari mmoja. Si jambo dogo.”

Zacharie akatunisha kifua.

“Lakini namba kukubaliana kunaniambia kwamba nyinyi mnapima kwa namna moja. Hakuniambii kama kipimo kinasema kweli. Saa iliyo nyuma nusu saa, iko nyuma nusu saa asubuhi na jioni, haibadiliki hata kidogo.” Akageuka. “Hivi ni vipimo vyenu vyote?”

“Vyote, Madam,” alisema Zacharie.

Oriane alikuwa anaiangalia ile ndoo. Akilini aliona mgongo wa Babu kwenye dirisha. Aliona pia Bastien akiwa amekaa nje ya mlango wa maabara mwaka jana, na akaona kwamba akinyamaza sasa hakuna atakayejua, na kesho asubuhi kelele ya msumeno itasikika mpaka chumbani kwake.

“Si vyote,” alisema.

Zacharie alimkanyaga mguu chini ya meza.

“Nikanyage tu. Si vyote, Madam. Jumatatu tulipata kubwa zaidi, kama mbili. Tumeziacha kwa sababu hazikufanana na nyingine. Na Jumatatu hiyohiyo, baada ya kupima, niliiangusha haidromita. Kwenye saruji. Haikuvunjika, kwa hiyo…” Akamtazama Zacharie. “Kwa hiyo tukasema haikuanguka.”

Madam Turmel alisogeza jedwali kando. Aliichukua haidromita, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akawaashiria wamfuate maabara. Huko alimimina maji safi yasiyo na chochote kwenye silinda, akaisimika silinda ndani ya ndoo ya theluji, akasubiri mpaka maji yakawa baridi kama utomvu. Kisha akaitia haidromita.

“Maji haya hayana sukari hata chembe. Inapaswa kusoma nini?”

“Sifuri,” walijibu pamoja.

“Someni.”

Oriane aliinama, macho sawa na uso wa maji. Mstari wa sifuri haukuwa kwenye uso wa maji. Ulikuwa umezama chini yake, na juu ya sifuri karatasi haikuwa na mistari tena, ilikuwa nyeupe tu.

“Kioo ni kizima,” alisema Madam Turmel. “Lakini karatasi ya ndani imeshikwa na tone dogo la gundi. Ilipogonga sakafu gundi ikaachia, karatasi ikateleza chini kidogo. Tangu hapo kila namba mliyosoma ilikuwa ndogo kuliko ukweli, na kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana zilikubaliana vizuri hivyo.”

“Kwa hiyo kazi yetu yote ni takataka?” aliuliza Zacharie. Safari hii hakuwa na mzaha.

“Ingekuwa takataka kama tusingejua imeanguka. Sasa tunajua, tunaweza kupima imeteleza kiasi gani.” Alichukua rula nyembamba, akalinganisha ule weupe na mistari. “Kama mistari minne. Kila mstari ni sifuri nukta mbili.”

“Sifuri nukta nane,” alisema Oriane. Kichwa kilikuwa tayari kinajumlisha. “Moja nukta tatu inakuwa mbili nukta moja! Madam, inakuwa mbili nukta moja!”

“Pole pole. Mstari wenyewe una unene, na jicho lako halina ncha ya sindano. Ukisema mbili nukta moja, useme pia kwamba inaweza kupungua au kuzidi kwa sifuri nukta moja. Na utomvu hubadilika siku hadi siku. Mimi nisingekata mti wala kuuacha kwa haidromita iliyosahihishwa kwa rula. Ninayo nyingine kabatini. Baba yako yupo nyumbani jioni?”

“Yupo.” Oriane alisita. “Na mimi nafungiwa maabara?”

“Kwa nini?”

“Bastien alifungiwa kwa kuvunja.”

“Bastien alivunja kipimajoto akavificha vipande kwenye sinki, na mwenzake akajikata. Ni kwa hilo nilimfungia. Vioo huvunjika kila mwaka, ndiyo maana nanunua vingi.” Alifunga kabati. “Wewe ungeniambia Jumanne, ningemaliza jambo hili wakati wa mapumziko ya chai. Badala yake umelibeba wiki nzima. Kuanzia Jumatatu, wewe na huyu mkanyaga miguu mtakuja mapema kila asubuhi mpaka muhula uishe, mtatia kila haidromita kwenye maji na kuniandikia kama sifuri ni sifuri.”

“Kila asubuhi?” alisema Zacharie.

“Ukinung’unika, na Jumamosi.”

*

Jioni hiyo gari la Madam Turmel lilisimama kwenye tope karibu na mti wa kwanza. Gaétan alitoka kibandani akipangusa mikono. Oriane alimweleza kila kitu akiwa amesimama, bila kulia, na alipofika kwenye kuteleza kwa mguu Zacharie aliongeza, “Na mimi ndiye niliyesema tunyamaze, Mjomba.” Babu Léandre alikuwa ametoka pia, amejifunga skafu mpaka puani.

Wakaanza mti wa kwanza. Haidromita mpya ilikuwa imejaribiwa kwenye maji shuleni, mbele yao, na sifuri yake ilikuwa sifuri. Gaétan mwenyewe alipiga magoti na kusoma. Kisha Oriane alifunua kifuniko wakalinganisha na penseli ya Jumatatu. Mbili nukta moja sasa, mbili nukta mbili wakati ule. Mti wa pili, mbili kamili. Wa tatu, mbili nukta moja. Waliendelea hivyo wakishuka njia, na kila kifuniko kilichofunguka Babu Léandre alisogea hatua moja karibu.

Walipofika mti wa kona, Oriane ndiye aliyesoma. Moja nukta nne. Akasoma tena. Ndani ya kifuniko, chini ya maneno “Oriane kafika,” ilikuwa imeandikwa moja nukta nne.

Zacharie alimvuta pembeni. “Sikiliza. Ukiujumlisha na mingine, wastani bado unafika mbili. Nimepiga hesabu. Nani atauliza?”

Ilikuwa kweli. Hapakuhitajika uongo wowote, ila kuuchanganya mti huo na wenzake na kuacha hesabu iufunike. Oriane aliangalia kifuniko mkononi mwake.

“Baba,” aliita. “Minane inafika mbili. Huu haufiki. Haukufika Jumatatu, haukufika leo. Si karatasi iliyoteleza. Ni mti wenyewe.”

Gaétan alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu, akaipima njia kwa macho kutoka barabara kubwa hadi nyumbani. “Lori hukwama hapa kwenye kona,” alisema polepole. “Kwingine linapita kwa shida, lakini linapita. Ukiondoka huu mmoja, litapata pa kugeukia. Nikipanua kidogo upande wa mtaro, yatosha.” Akajikuna shingo. “Nilisema mbili. Minane inabaki.”

“Kwa hiyo Oriane alipima vizuri tangu Jumatatu,” alisema Zacharie.

“Alipima vizuri Jumatatu,” alisema Madam Turmel, “na alipima vizuri Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Kilichoharibika si upimaji. Nawaambia wote wawili, na nitalisema darasani pia. Hakuna kipimo duniani kisichokosea, hata kidogo. Kifaa kitateleza, jicho litachoka, utomvu utabadilika. Hayo hayamfanyi mtu kuwa mjinga wala mwongo. Lakini anayetegemea namba zako anakata mti, anakunywa dawa, anajenga nyumba. Ana haki ya kujua kila ulichokiona, na ulichokiangusha. Ukimficha kimoja kwa sababu hakipendezi, vyote ulivyobaki navyo vinakuwa havina kazi.”

Oriane alitikisa kichwa kukubali.

Babu Léandre alikuwa ameweka kiganja chake kwenye gome la mti wa kona. Akageuka kwa mwanawe.

“Tangu mafua yale ya Januari,” alisema, “kila kitu kinywani mwangu kina ladha ya kadibodi. Supu, kahawa, shira. Sikumwambia mtu.” Akavuta skafu chini, na chini ya masharubu palikuwa na tabasamu dogo la aibu. “Ulimi haukuvunjika, nikasema haukuanguka.”

Gaétan alicheka mpaka akaegemea gari la mwalimu, na safari hii mzee naye alicheka.

Kesho yake asubuhi msumeno ulinguruma kwenye kona, kwa muda mfupi, kisha ukanyamaza. Mti ulipolala, katikati ya kisiki pakaonekana uozo mweusi, mpana kama sahani. Babu Léandre hakukaa kuutazama. Alichukua kifuniko cha ndoo ya mti ule, akakifuta theluji kwa mkono wa koti, akakifunga kwenye ndoo ya mti wa nane mahali pa kile cha zamani. Kisha akampa Oriane penseli ya seremala.

Oriane alikifunua, akaandika chini ya moja nukta nne: “Vipimo hivi ni vya mti wa kona. Ulikatwa. Haidromita iliangushwa Jumatatu na Oriane.” Akafunga kifuniko, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda na matone yameanza kugonga bati, akaenda kutafuta ndoo kubwa ya kukusanyia.